Ushauri: nataka kuwapeleka watoto Gold Reef City, Johannesburg, kutoka Lubumbashi. Ndege au barabara?

Mama_Kampemba
Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, niko na watoto watatu: wa miaka 12, 9 na 5. Likizo kubwa hii nataka kuwapeleka Johannesburg, kwenye parki ya michezo ya Gold Reef City. Nilikaa kule utotoni, tukarudi nyumbani 2003, na tangu hapo sijakanyaga tena.

Parki ile imejengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, shimo namba 14 la Crown Mines, na wageni wanateremshwa chini wakiwa na kofia na taa. Baba yangu alikuwa amefanya kazi ya migodi huku Katanga. Mwongozaji alipoanza kueleza maji yanavyovutwa kutoka chini, baba akadakia, akaeleza mpaka watu wote wakageuka kumsikiliza yeye. Kisha tukapanda juu, tukaangalia dhahabu iliyoyeyushwa ikimiminwa kwenye kalibu, nyekundu kama kaa la moto. Siku nyingine akanipandisha Tower of Terror, ile gari inayopandishwa juu ya mnara halafu inaporomoka wima hadi ndani ya shimo. Nilimshika mkono mpaka saa yake ikakatika mkanda. Baba ameshafariki. Nataka wajukuu wake waone.

Maswali yangu: ndege au basi? Mwezi wa saba au wa nane? Na huyu wa miaka 5 atapanda nini? Usiku silali, napiga hesabu na hazikubali.

Dereva_Kasumbalesa
Mama, barabara naijua. Ni zaidi ya kilomita 2,000: Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Kapiri Mposhi, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge, ndipo unashika njia ya Polokwane. Ukipita Botswana kuna daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021, zamani tulivuka kwa pontoni na lori zilikaa siku nyingi. Njia yoyote ni mipaka mitatu. Kila mpaka mnashuka, mnapanga mstari, mnagongewa muhuri. Na mtoto wa miaka 5 usiku wa Beitbridge, kwa kweli hapana. Mimi niliwahi kupita na mpwa wangu akashikwa na homa pale mpakani, nikambeba mgongoni huku nimeshika paspoti mdomoni. Afisa akaniambia nizungumze, ningezungumzaje?

Tantine_Golf
Panda ndege ya moja kwa moja kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, saa mbili na nusu hivi umefika. Mwezi wa saba kule ni baridi. Sisi tunalalamika baridi ya Juni ya Lubumbashi, lakini Johannesburg iko juu zaidi, inapita mita 1,700, asubuhi unaweza kukuta majani yameganda. Tena shule zao zinakuwa likizo mpaka ndani ya Julai, mistari inakuwa mirefu. Nenda mwezi wa nane, siku isiyo wikendi, ila angalia kwanza kalenda ya parki maana nje ya likizo hawafungui kila siku.

Huyu mdogo atapimwa urefu. Kwenye mlango wa kila mchezo kuna ubao, miaka hawaiangalii. Kuna sehemu ya michezo ya wadogo, atafurahi. Kuteremka mgodini wana masharti yao kwa watoto, uliza kabla ya kumwahidi.

Na usisahau kadi ya manjano. Sisi tunaotoka Kongo lazima tuwe tumechanjwa homa ya manjano siku 10 kabla ya kufika, la sivyo mnarudishwa na watoto wenu.

Kaka_wa_Goma
Mimi ningewapeleka Durban, uShaka. Watoto wanaona papa na pomboo, kuna na maji ya kuteleza. Dhahabu na mashimo mnayo Katanga, mnafuata nini tena?

Mzee_wa_Kamalondo
Binti yangu, sisi tulipokuwa wadogo raha yetu ilikuwa kwenda stesheni kuangalia treni ikiingia, na Jumapili zoo. Zoo ya Lubumbashi ipo mpaka leo. Watoto wa siku hizi wanataka kupinduliwa hewani! Lakini niulize. Umeandika nataka, nataka, nataka. Baba yao anasemaje?

Mama_Kampemba
Aksanti yaya Tantine, mwezi wa nane nimeukubali. Kaka wa Goma, Durban ni safari nyingine juu ya safari, siwezi. Papa Mzee, baba yao yuko, anafanya kazi Kolwezi. Mimi nauliza habari za parki.

Tantine_Golf
Dada, swali la mzee ndiyo habari ya parki. Konsula ya Afrika Kusini watakudai. Faili ya viza ya watoto umeshaipeleka?

Mama_Kampemba
Bado.

Tantine_Golf
Na tiketi?

Mama_Kampemba
Nimeshalipa za ndege, baada ya kusoma ushauri wenu. Za watu wanne. Hazirudishwi.

Dereva_Kasumbalesa
Eee mama. Tiketi kabla ya viza?

Mama_Kampemba
Bei ilikuwa imeshuka na zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, ilikuwa imefika. Ningeziacha zile franga nyumbani zingeliwa na mambo mengine, naijua nyumba yangu.

Sawa, niseme yote. Baba yao tumeachana. Yuko Kolwezi na mke mwingine, wana mtoto. Kuhusu safari hii hajui kitu na sijapanga kumwambia. Watoto nawalisha mimi, minerval, karo ya shule, nalipa mimi, wakiugua usiku nakimbia mimi. Kwa nini niende kumpigia magoti aniruhusu kuwapeleka wanangu wakafurahi?

Mwalimu_Katuba
Tunakuelewa hasira yako, dada, lakini mtoto ni wa watu wawili. Leo unamficha safari, kesho mtoto akirudi anahadithia, utakuwa umemfundisha kuwa baba ni mtu wa kufichwa. Hata mimi nililelewa hivyo, na nilipokua nilimlaumu mama yangu, siyo baba.

Mrembo_Ruashi
Muache! Wanaume wakioa wa pili hawaombi saini ya mtu. Safiri na watoto wako dada, Mungu atafungua njia.

Karani_Lshi
Mungu atafungua njia, lakini karani wa viza anataka karatasi. Nazijaza kila siku, sikiliza.

Afrika Kusini ilianza 2015 kudai, kwa kila mtoto chini ya miaka 18, akti ya kuzaliwa yenye majina ya wazazi wote wawili, na barua ya kiapo ya mzazi asiyesafiri kwamba amekubali. Mwaka 2019 wakalegeza kwa nchi zisizohitaji viza. Sisi tunahitaji viza, kwa hiyo kwetu hakuna kilicholegea. Na huku Luano, DGM, watu wa uhamiaji, watakuuliza ruhusa ya baba kabla hujafika popote.

Uko na njia mbili. Ya kwanza, baba asaini mbele ya notari, aambatanishe nakala ya kitambulisho chake. Ya pili, hukumu ya mahakama inayokupa wewe peke yako mamlaka juu ya watoto. Uko nayo?

Mama_Kampemba
Sina. Hatukufika mahakamani, familia zilikaa zikaongea, basi.

Karani_Lshi
Basi ni saini. Na usimwamini mtu wa mtaani atakayekuambia anaweza kuitengeneza. Wakiigundua, wewe unabaki mtu aliyejaribu kuvusha watoto kwa karatasi bandia, na jina hilo halitoki.

Jicho_Pevu
Naomba nisimamishe huruma kidogo. Mimi siuamini uzi huu. Anasema alikuwa mtoto na baba akampandisha Tower of Terror. Mnara ule ulifunguliwa 2001, nilikuwa Johannesburg nikifanya ulinzi, nakumbuka matangazo yake. Halafu 2003 wakarudi. Sasa utoto gani? Tena tumeshazoea: hadithi ya baba marehemu, watoto watatu, tiketi hazirudishwi, kesho kutwa tunaletewa namba ya simu tuchange.

Mrembo_Ruashi
Lo! Kumbe nilikuwa natetea hewa?

Mama_Kampemba
2001 nilikuwa na miaka 14. Mtu wa miaka 14 kwa baba yake ni mtoto. Na sijaomba hata franga moja hapa, rudi juu usome.

Yeoville_Zamani
Mimi nimekaa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, miaka mingi, acheni nimuulize yeye mwenyewe. Dada, jirani na parki ile kuna nini, na ukiingia wanakufanyaje?

Mama_Kampemba
Kuna Makumbusho ya Apartheid, yalifunguliwa mwaka huo huo. Ukilipa wanakupa kadi ya kubahatisha, ya mweupe au ya asiye mweupe, na kila kadi ina mlango wake. Baba alipata moja, mimi nyingine. Tukapita njia mbili, katikati kuna wavu wa chuma, nikawa namuona upande wa pili anatembea taratibu ili tuwe sambamba. Nililia. Tulipokutana ndani hakunicheka, alinishika tu bega. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka 12, ameanza kuuliza mambo ya namna hiyo. Mimi sina maneno yake, ndiyo maana nataka kumpeleka.

Yeoville_Zamani
Huyu amefika. Jicho Pevu, mwache mama.

Jicho_Pevu
Kadi ni kweli. Nimekubali. Lakini swali la saini liko pale pale.

Mzee_wa_Kamalondo
Binti, baba yako alitembea taratibu ili uwe sambamba naye. Mpigie mwenzako simu. Usimwombe ruhusa kama mkosaji. Mwambie: nimelipa kila kitu, watoto wanakwenda kuona alichowahi kunionyesha babu yao, kinachokosekana ni jina lako. Mwanamume akisikia hakuombwa franga anasikiliza vizuri.

Tantine_Golf
Na mpigie asubuhi, jioni atakuwa na mkewe pembeni.

Mama_Kampemba
Nimerudi. Nimempigia. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Akauliza kama wa kati bado anaogopa mahali pa juu. Nilishangaa kwamba anakumbuka. Amesema atasaini, atakuja Lubumbashi mwisho wa wiki twende kwa notari pamoja.

Lakini ameongeza jambo. Anataka nimchukue na mtoto wake wa huko, wa miaka 7. Tiketi atalipa yeye. Anasema watoto wangu wanaulizia ndugu yao kila wakizungumza naye kwenye simu. Mimi sikujua kwamba huwa wanazungumza.

Sijamjibu.

Mrembo_Ruashi
Usikubali! Umlee mtoto wa mwenzako mpaka Afrika Kusini?

Mwalimu_Katuba
Mtoto wa miaka 7 hajaoa mke wa pili.

Dereva_Kasumbalesa
Watoto wanne na mtu mzima mmoja, mama, ni kazi. Tafuta mdogo wako akusindikize.

Mama_Kampemba
Nimewauliza watoto bila kuwaambia sababu: mkienda mahali pa raha, mngependa kwenda na nani? Mkubwa amemtaja jina huyo wa Kolwezi kabla sijamaliza. Kwa hiyo nimeamua, watoto watakuwa wanne. Karani, naomba uniambie kwa huyu wa nne natakiwa kuandaa nini.

Karani_Lshi
Saini mbili: ya baba, na ya mama yake mzazi, zote kwa notari, zikitaja jina lako kama msindikizaji, nambari ya paspoti yako na tarehe za safari. Uliza leo hii kama ana akti ya kuzaliwa. Wengi wa huko hawajaandikishwa, na bila akti paspoti haitoki, na bila paspoti faili haipokelewi. Achanjwe homa ya manjano wiki hii. Na huyo mama yake mpigie wewe mwenyewe, usimtume mwanamume.