Sinki la bafuni: la mguu, la ukutani au la bakuli?

Mwenye Site Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Nyumba imefika hatua ya bafu, nimekwama kwenye sinki la kunawia mikono. Bafu ni mita 1.5 kwa 2, choo humo humo, maji ya kisima na yana chumvi. Leo nimezunguka maduka ya Gerezani nusu siku, nimerudi kichwa kinauma. Nachagua kati ya la mguu, la kufunga ukutani na lile la bakuli linalokaa juu ya kabati. Mke wangu ameshachagua bakuli. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Fundi Bomba
Mkuu, angalia ukuta kwanza, sinki baadaye. La ukutani linashikwa na bolti mbili. Kama tofali zako zimezidi mchanga, zile zinazomomonyoka ukizikwaruza kwa msumari, bolti zitalegea tu. Pajaze zege pale zinapoingia, kabla ya plasta na marumaru.
La mguu watu hudhani mguu ndio unaobeba. Mengi nayo hufungwa ukutani. Mguu unasaidia kidogo na kuficha mabomba. Shida ni siku ya kuzibua, mkono hauingii nyuma yake.
Kimo: ukingo uwe sm 80 hadi 85 kutoka kwenye marumaru ya chini, siyo kwenye zege tupu. Ukiweka bakuli la sm 14 juu ya kabati la sm 80 unapata 94. Watoto watanawa maji yakiwateremkia viwikoni.

Mama Wawili
Nilikuwa nalo hilo bakuli. Zuri kwenye picha! Pale linapokutana na kabati kuna kiupenyo, uchafu unaingia na kitambaa hakifiki. Kabati lenyewe la vumbi la mbao lililoshindiliwa. Maji yaliruka kila siku, likaumuka kama andazi, milango ikagoma kufunga. Shemeji akitaka kabati kweli, mjengee meza ya zege, ipige marumaru, chini aweke vikapu.

Mvita
Huku Mombasa visima vya chumvi tunavijua. Chukua kauri nyeupe. Ule utandu mweupe unaufunika kwa kitambaa chenye siki, baada ya muda unasugua, unatoka. Ila usijaribu siki kwenye sinki la mawe ya marmar. Jiwe lile ni jamii ya chokaa, siki inalila. Jirani yangu lake limebaki na mabaka.
La kioo usiguse kabisa, kila tone linaacha alama.

Kijana wa Tanga
Mbona hakuna aliyetaja udhu? Kwetu mzee alikuwa anapandisha mguu kwenye ukingo wa sinki, kila swala. La ukutani likang'oka na plasta yake. Alhamdulillah alikuwa ameshika mlango. Tuliweka bomba la chini pembeni, na kigoda cha kukalia. Sinki jipya halijatikisika tena.

Fundi Bomba
Kijana kasema kweli, nimerudishia masinki mengi ya namna hiyo. Mkuu, tanki lako liko juu kiasi gani? Kila mita 1 ya kimo inakupa presha ya kama baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha). Kama ni mita 3 tu juu ya bomba, achana na mabomba ya mapambo yanayotaka presha kubwa, yatakudondoshea matone tu.

Mwenye Site Kigamboni
Tanki liko mita 3 na kidogo, kwa hiyo bomba la kawaida. Nimemsomea mke wangu uzi wote, hapo kwenye andazi akacheka sana. Tumekubaliana la ukutani, kauri, upana sm 45 ili mlango ufunguke, zege nyuma yake, na bomba la chini maana mama anakuja kukaa nasi. Bakuli bado hajaliacha. Anasema litakwenda choo cha wageni, wao hawakai sana.