Chanzo cha mionzi cha kuhakikia kipimo cha shule, Pemba

Maalim wa Wete
Assalamu alaykum. Nasomesha fizikia sekondari huku Wete. Tumepewa kipima mionzi cha Geiger. Ukikiwasha kinalia, hata pasi na kitu karibu. Nataka kujua kama kinafanya kazi sawasawa kabla sijakiingiza darasani. Mtandaoni naona vidonge vya sesiamu-137, yaani vyanzo vidogo vya mionzi vya kupimia, vinauzwa Marekani. Naweza kuagiza kwa posta? Kuna mtu Dar pia kasema anacho cha zamani, atanipa bure.

Fundi wa Vipimo, Unguja
Waalaykum salaam, Maalim. Hicho cha bure usikipokee, tafadhali sana. Chanzo kisicho na cheti hujui kina nini wala kiasi gani, wala kama kimepasuka. Goiânia, Brazil, 1987, watu walifungua mashine iliyoachwa kwenye kliniki tupu, wakagawiana unga wa sesiamu kwa kuwa uling'aa. Wanne walikufa.

Kuagiza usianze na muuzaji. Iandikie kwanza Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyo chini ya sheria ya 2003, uwatajie aina na ukubwa wa chanzo. Kuna viwango vya kimataifa vya msamaha, yaani kiasi kidogo kisichohitaji kibali, na kwa sesiamu-137 ni bekereli 10,000 (bekereli moja ni atomu moja kuvunjika kila sekunde), lakini wa kukwambia umesamehewa ni Tume, si duka la mtandaoni.

Ila kwa haja yako kidonge cha nini? Nenda duka la pembejeo, ununue mbolea ya potashi, ile ya kloridi ya potasiamu. Kila gramu ina takriban bekereli 16 za potasiamu-40, yaani potasiamu yenye mionzi, maumbile yake hayo. Itie kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, uilaze bapa, usogeze bomba la Geiger mpaka likaribie kugusa. Hesabu milio dakika kumi. Ondoa mbolea, hesabu tena pale pale. Ukipata milio 400, yumbayumba ya kawaida ni kama 20, yaani kipeuo cha pili cha 400, basi tofauti ya milio kumi isikufurahishe. Bomba likiwa na ukuta mnene wa chuma, chembe nyingi za beta, ambazo ndizo sehemu kubwa ya mionzi ya mbolea hiyo, hazipiti na tofauti itakuwa ndogo.

Bi Mkoani
Na vile vitambaa vya karabai vya zamani? Nasikia vina thoriamu, ile yenye mionzi.

Fundi wa Vipimo, Unguja
Vingi vya zamani vinayo, bibi, lakini vikishaungua hubomoka vumbi, na vumbi hilo watoto watalivuta. Mbele ya wanafunzi sivitaki kabisa.

Maalim wa Wete
Nimefahamu. Mbolea ikikubali, naweza kuandika mikrosiveti, yaani dozi ya mionzi mwilini, kwenye ripoti?

Fundi wa Vipimo, Unguja
Hapana. Mbolea inakuonyesha kwamba kinahisi mionzi tu. Ukitaka namba za dozi za kuaminika, kisafirishe kipimo chenyewe hadi maabara ya Tume, Arusha, kwenye vyanzo vinavyojulikana nguvu zake. Chanzo hakina haja ya kupanda boti kuja Pemba. Toa betri kabla ya kukifunga, na ukikirudisha dai cheti chenye tarehe na kizidisho cha kusahihishia.