"Comfortable": silabi tatu au nne?

Sikio_Kali anauliza:
Habari zenu. Neno "comfortable" linanitatiza. Kazi yangu ni kuhudumia wateja kwa simu, kwa hiyo silikwepi. Nasikia watu wakilitamka "komfoteibo", wengine "kamfatabo", na wengine wanalikata kabisa, "kamftabo". Nimefungua kamusi mbili: moja inaonesha silabi tatu, nyingine inatanguliza nne. Nishike ipi? Na ile r ya katikati imekwenda wapi?

Mpita_Njia:
Ya "teibo" iache. Hiyo -able ya mwishoni haihusiani na meza, hutamkwa hafifu tu.

Bi_Matamshi:
Ndugu, kamusi zote mbili ziko sawa. Silabi nne zinakubalika, ila katika mazungumzo ya kawaida utasikia zaidi tatu: KAMF-ta-bl. Ningekushauri ushike hiyo.

Kinachotusumbua sisi ni mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo nao unahama: kiTAbu, kitaBUni. Sikio lililolelewa hivyo likikutana na "comfortable" linapeleka nguvu kwenye "ta". Lakini mkazo wa "comfort" uko mwanzoni na hauondoki hapo, uongeze -able, uongeze -ly, utangulize hata un-: KAM-fat, KAMF-ta-bl, KAMF-ta-bli, an-KAMF-ta-bl.

Nguvu ikishakwenda KAM, silabi za nyuma zinabaki dhaifu. Irabu zake zinafifia na kuwa sauti ambayo kamusi huiandika kwa e iliyopinduliwa, ə. Sisi hatuna sauti hiyo. Irabu zetu tano hutamkwa wazi popote zilipo, ndiyo maana tunataka kuipa kila herufi haki yake. Kwa Kiingereza irabu iliyofifia sana huweza kudondoka, na ndivyo silabi nne zilivyobaki tatu. Yaleyale yamelikuta "vegetable", na "chocolate" pia.

Kuhusu r: Waingereza wengi, hasa wa kusini, hawaitamki r isiyofuatwa na irabu, kwa hiyo kwao haisikiki. Wamarekani wanaitamka, ila wengi wao wameivusha upande wa pili wa t: KAMF-ter-bl. Kwenye maandishi iko kabla ya t, mdomoni iko baada yake! Mimi hapo hupapenda sana.

Sasa mdomo wenyewe. Pagumu ni m, f na t kufuatana bila irabu. Tuna "mfupa", lakini m yetu pale ni silabi inayojitegemea. Hii ya Kiingereza inafunga silabi ya KAM na kupita. Midomo inafungana kwa m, mdomo wa chini unagusa meno ya juu kwa f, kisha ncha ya ulimi inapanda kwa t. Usichomeke u, itakuwa "kamufutabo". Anza kutoka mwisho, polepole: bl. Ta-bl. Halafu KAMF peke yake, mpaka f isikike bila mkia. Ndipo uunganishe.

Mzee_wa_Kamusi:
Umeeleza vizuri, Bi Matamshi. Nina angalizo moja: asidhani -able haihamishi mkazo kamwe. "Admire" mkazo uko mwishoni, "admirable" uko mwanzoni.

Bi_Matamshi:
Kweli kabisa, mzee wangu. Nilikuwa nazungumzia familia ya "comfort" tu. Kila neno jipya atazame alama ya mkazo kwenye kamusi, kile kistari kidogo cha juu kinachotangulia silabi yenye nguvu.

Sikio_Kali:
Asanteni sana. Kuanzia mwisho kumenisaidia, inatoka. Ila mbona imeandikwa o na inatamkwa kama a?

Bi_Matamshi:
Iko kundi moja na "come", "some", "son" na "money". Kwa "come" na "son", maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba waandishi wa Zama za Kati waliweka o mahali pa u jirani na m au n, kwa sababu vijistari vya herufi hizo vilifanana na kumchanganya msomaji. Matamshi yakaendelea kubadilika, tahajia ikabaki. Hiyo a isiwe pana kama ya "baba", iwe fupi. Halafu jizoeze ndani ya sentensi utakayoitumia kwenye simu, "Are you comfortable with that?", ukiipa KAMF nguvu kuliko maneno yote yanayolizunguka.