Wali unashika chini, juu mbichi: ninunue sufuria gani?

UmmuKisauni
Asalaam aleikum. Nataka kubadilisha sufuria za nyumbani kidogo kidogo. Tuko watu sita, napikia gesi, na mapishi ni yale yetu: wali wa nazi, mchuzi wa ukwaju, chapati. Nilizo nazo ni nyepesi. Wali unaungua chini na juu una kiini. Nianze na ipi, na dukani nitaijuaje?

JikoLaPwani
Waaleikum salaam dada. Anza na ya wali: alumini nzito, kitako kisipungue milimita 3. Alumini hupitisha moto upesi sana, lakini ikiwa nyembamba moto haupati nafasi ya kutambaa pembeni, hupanda palepale zilipo ndimi za gesi. Tazama ukoko wako, bila shaka ni pete nyeusi inayolingana na duara la jiko.

Dukani bonyeza kitako kwa vidole gumba, kikibonyea, iache. Igeuze, lazia rula: mwanga ukipita chini yake, kitako kimepinda. Mfuniko nao ukae barabara, kwani wali humalizwa na mvuke. Mchele kilo 1 na tui lita 2 hukaribia lita 3, kwa hivyo chukua ya lita 5 au 6, tui likipanda lisimwagike.

Mwiko_wa_Mti
Naongeza: ukwaju, ndimu na nyanya usizichemshe kwenye alumini. Sufuria iliyopiga weusi ukipikia ukwaju hutoka inang'aa, na watu hufurahi. Ule mng'aro ni ngozi ya sufuria iliyokwishaingia mchuzini!

Hapo nunua stenlesi. Ikiandikwa 18/10 maana yake ni kromiamu asilimia 18 na nikeli 10. Lakini stenlesi peke yake haisambazi moto, kwa hivyo tafuta yenye kitako kinene kilichofumbata alumini. Tabaka lake huonekana ukingoni. Na chumvi tia maji yakishachemka. Ikilala chini kwenye maji baridi, hutoboa vishimo vidogo visivyotoka tena.

UmmuKisauni
Ahsanteni sana. Na chapati? Nimeshauriwa nonistiki.

JikoLaPwani
Chapati zataka moto mkali, na nonistiki ikipita nyuzi 260 za Selsiasi tabaka lake huanza kuharibika. Iweke kwa mayai, moto mdogo, na usiiache jikoni tupu.

Chukua chuma kizito. Kioshe, kikaushe motoni, kipake mafuta kidogo mno, ukifute kana kwamba hutaki yabaki, kisha kichome mpaka kiache kutoa moshi. Rudia mara tatu au nne. Mafuta yakizidi hugeuka utando unaonata.

Mwiko_wa_Mti
Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, usikiache kimelowa hata usiku mmoja. Kikipata kutu, kisugue kwa chumvi na mafuta, ukichome upya.