Tupeane uzoefu: Mliotazama The Wedding Banquet, iliwagusa wapi?

Bint Pangani (mwanzisha mada)

Habari zenu wapendwa. Mada yenyewe ni ya ndani kidogo, kwa hiyo naomba tuongee kwa staha.

Juzi nimetoka zamu ya usiku, usingizi ukagoma, nikaiwasha The Wedding Banquet ya Ang Lee, ile ya mwaka 1993. Kwa ambaye hajaiona: Wai-Tung ni Mtaiwani anayeishi New York na mpenzi wake Simon, Mmarekani. Wazazi wako Taiwan, hawajui lolote, na kila siku wanamhimiza aoe. Ana mpangaji, Wei-Wei, msichana mchoraji aliyetoka Shanghai, hana kodi wala makaratasi ya kuishi Marekani. Simon ndiye anayeleta wazo: muoe huyu binti, yeye apate makaratasi, wazee wapate mkwe, na sisi tuendelee na maisha yetu. Basi wazee wakapanda ndege kuja kushuhudia. Harusi iliyokusudiwa kuwa ya dakika chache ofisini inaishia kwenye karamu kubwa, watu wanakunywa, na usiku huohuo bi harusi anashika mimba.

Nimecheka sana, sikatai. Lakini aliyenishika ni baba mzazi. Mzee ameshapata kiharusi, anatembea polepole, anasinzia kitini, na nyumba nzima inamficha kama mtoto. Siku wale watatu wanapogombana mbele yake kwa Kiingereza, wakiamini haelewi, yeye amekaa kimya. Baadaye yuko peke yake na Simon, anampa bahasha nyekundu ya siku ya kuzaliwa. Kumbe alisikia kila neno. Anamwambia kwamba yeye pia ni mwanawe, kisha anamwomba asimwambie mtu, hata mkewe. Kama asingewaacha wamdanganye, mjukuu angempata wapi?

Nilisimamisha filamu nikalia. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani. Kaka yangu anaishi Ulaya mwaka wa ishirini sasa, na "rafiki yake" ambaye sisi sote tunajua si rafiki tu. Baba alikwenda kuwatembelea mara moja, akakaa wiki tatu, akarudi hakusema kitu. Ila tangu hapo, kila inapokaribia Idi alikuwa akishona kanzu mbili na kuzituma, saizi mbili tofauti. Hakuna aliyeuliza ya pili ni ya nani. Amefariki hivyo.

Mimi naiita sitara. Kaka yangu sijui anaiitaje, sijawahi kumuuliza. Nyie mliotazama mliona nini? Na kama umelelewa kwa namna isiyo ya kawaida, au unalea hivyo, tupe uzoefu.

Mkurya wa Sirari

Pole kwa mzee, dada. Mimi niliitazama na mke wangu, na alipoona wanahangaika jinsi mtoto atakavyokuwa na baba wawili na mama mmoja akaniangalia akasema, "Hawa wangekuja Tarime wakaelekezwa."

Kwetu kuna nyumba ntobhu. Bibi yangu hakujaliwa mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe, akamuoa mama yangu, mwanamke kwa mwanamke, ili nyumba yake isizimike. Aliyenizaa ni mwanamume ninayemjua kwa sura, hajawahi kunidai wala mimi kumdai. Kimila mimi ni mtoto wa nyumba ya bibi. Yeye ndiye aliyelipa mahari, na yeye ndiye aliyenipeleka jando na kunipa shamba.

Msinielewe vibaya, ntobhu si mapenzi ya jinsia moja, wazee wetu wangekasirika kusikia zikichanganywa. Ni suala la urithi na jina. Lakini ndiyo maana yule mzee wa kwenye filamu sikumshangaa. Anataka ukoo uendelee, mengine anayaachia mlangoni.

Kilichoniuma mimi ni fomu. Nilipoanza darasa la kwanza mwandikishaji aliuliza jina la baba, mama akataja jina la bibi. Yule bwana alicheka mbele ya watoto wote. Bibi hakujibu. Alichukua kalamu mezani, na alikuwa hajui kusoma, akachora alama yake palipoandikwa "mzazi". Mpaka leo naiona ile alama.

Mama Wawili

Mnaisifu wote, naomba niseme upande wa Wei-Wei maana naujua.

Nilifunga ndoa ya makaratasi Marekani, miaka mingi imepita na mambo yangu yamenyooka, ndiyo maana nathubutu kuandika. Watu wanacheka pale Simon anapopika na Wei-Wei anajidai kapika yeye. Mimi sikucheka. Najua kukaririshwa maisha ya mtu, rangi ya mswaki wake, anavyopenda chai, upande gani wa kitanda analala. Kuna siku unasahau lipi la kweli na lipi la kukariri. Yeye kawapenda wale wazee kwelikweli, hasa mzee na maandishi yake ya wino, na wao wanampenda kama binti, halafu anajua yote yamesimama juu ya uongo. Msichana anakaa katikati ya wanaume wawili wanaopendana, ana mimba, hana kwao.

Na usiku wa harusi? Ukumbi mzima wa sinema unaangua kicheko, lakini Wai-Tung kalewa na anakataa. Angekuwa mwanamke aliyelewa na mwanamume ndiye anayeendelea, tungecheka? Hilo halikunikaa sawa, na sijaona wengi wakilisema.

Ila pale alipokwenda kuitoa mimba akabadili mawazo njiani, nililia. Halafu anamwomba Simon naye awe baba wa mtoto. Si kwa sababu ya karatasi tena. Kaamua mwenyewe nani atakuwa mzazi wa mtoto wake, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimwona amesimama kwa miguu yake.

Mwana Kibokoni

Asalaam alaykum. Bint Pangani, Mola amrehemu mzee wako na alitie nuru kaburi lake.

Nitasema ninaloamini bila kumvunjia mtu heshima. Filamu niliitazama kwa mpwa wangu London, yeye ndiye aliyeiweka, na najua kwa nini aliiweka. Dini yangu haikubali ndoa hiyo, na sitajifanya vinginevyo ili nipendeze hapa. Na nikusahihishe kidogo mwanangu: kusitiri si kuridhia. Mzazi anaweza kuufunika uchi wa mwanawe kwa nguo yake mwenyewe na moyoni bado anaungua. Usimsemee baba yako alichokuwa nacho kifuani.

Lakini ile picha ya mwisho imekataa kunitoka. Wazee wako uwanja wa ndege wanarudi kwao, askari anampekua mzee, naye anainua mikono yote miwili juu, polepole. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, wengine wanasema pale amesalimu amri." Nikamwambia mimi naona mtu amechoka kubeba. Tukanyamaza. Kisha akanimiminia kahawa nyingine. Hatukuongea zaidi, na kila Ijumaa ananipigia simu.

Bint Pangani

Shikamoo Ustadh. Nimepokea, na nimelirudia neno lako mara nyingi. Ni kweli simjui baba alikuwa na nini kifuani. Ninachokijua ni kanzu.

Mkurya, Mungu ampumzishe bibi. Mama Wawili, umenifanya niitazame upya sehemu za Wei-Wei, na una haki kuhusu ule usiku.

Kabula

Nilitaka kupita kimya, ila nimeona kuna heshima humu.

Mimi na mwenzangu tunaishi Toronto, wanawake wawili, tuna mtoto wa kiume wa miaka minne. Tuliitazama ile mpya, ya 2025, iliyoongozwa na Andrew Ahn. James Schamus aliyeshiriki kuandika ile ya zamani kashiriki na hii. Safari hii ni Seattle, na wako wawili wawili: wanawake wanaohangaika kupata mtoto kwa upandikizaji, na wanaume marafiki zao, mmoja Mkorea anayehitaji makaratasi. Anawaambia mmoja wenu aolewe nami, nitalipia matibabu. Bibi yake anafunga safari kutoka Korea, na huyu bibi, anaigizwa na Youn Yuh-jung, hafichiki kitu, anashtukia mchezo mapema mno.

Watu wengi niliozungumza nao wanasema ya zamani ina uzito zaidi. Labda. Lakini hakuna filamu nyingine niliyoona inayoanzia pale tulipokuwa sisi: matibabu yamegonga mwamba mara ya pili na hela imeisha. Mwenzangu alinishika mkono gizani hakuuachia. Sisi pia jaribio la pili lilikataa. Tulirudi nyumbani siku ile tukala ugali na dagaa kwa kimya, nikaosha sufuria moja kwa nusu saa.

Kuna mama kwenye filamu hiyo, anaigizwa na Joan Chen. Hadharani anasifiwa kwa kumuunga mkono binti yake, huku binti anakumbuka miaka ambayo mama huyohuyo alimtenga. Huyo ni mama yangu, isipokuwa wangu bado yuko kwenye ile miaka.

Nyumbani Shinyanga tulikwenda na mtoto mwaka jana kwa msiba wa bibi. Nilikuwa na hofu ya jinsi atakavyotuita mbele za watu. Mtoto ananiita mama, na mwenzangu anamwita mama mdogo, tulichagua hivyo tangu mwanzo. Hakuna aliyegeuza shingo. Kila mtoto pale ana mama mkubwa, mama mdogo, na wote wanamlisha na kumchapa. Shangazi mmoja tu, mtu mzima sana, usiku wakati tunakunja mikeka aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mama mdogo, anampenda mtoto?" Nikasema anampenda. Akasema, "Haya."

Otis wa Ngara

Kabula, asante kwa kushiriki nasi. Huku Nairobi mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku, kisha mahakama ikairuhusu kwa siku saba pekee. Nilipanga foleni na dada yangu. Watu walikuwa wamejaa, wengine walilia hata kabla taa hazijazimwa. Nilitoka nikiwaza: ya kuhuzunisha tumeipata kwa wiki moja, je, ya kuchekesha tutaipata lini? Kwa sababu familia zetu zinacheka sana, na ningependa kuketi na watu wangu ukumbini tucheke kuhusu mambo haya bila kuangalia nyuma.

Mpenda Picha

La kiufundi tu. Filamu ya 1993 iligharimu kama dola milioni moja, ikaingiza zaidi ya milioni 23, ikapata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, kwa kugawana na filamu nyingine ya Kichina, na ikateuliwa Oscar. Sihung Lung aliyecheza baba amekuwa baba kwenye filamu tatu za mwanzo za Ang Lee. Na Taiwan yenyewe ilihalalisha ndoa za jinsia moja Mei 2019, ya kwanza Asia. Yaani yule mtoto aliyekuwa tumboni mwa Wei-Wei angekuwa ameshavuka miaka 25.

Kwangu mimi ile karamu ni harusi zetu kabisa. Kamati haimuulizi bwana harusi anataka nini. Ukumbi ni wa wazee na wachangiaji.

Bint Pangani

Wapendwa, jana nilimpigia kaka. Nikamsomea mlichoandika, pamoja na maneno ya Ustadh. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika.

Nikamuuliza kama alijua kuwa baba anajua. Akasema alijua tangu kanzu ya kwanza. Akasema pia kwamba angependa baba alitamke hata mara moja, hata kwa hasira, kwa sababu kimya kile alikuwa hajui akiweke wapi. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Halafu akaniambia kitu. Mwenzake ana bega moja limeshuka, aliumia utotoni, na ukimtazama haraka huoni. Ndiyo maana nguo za dukani zote zinamvuta upande mmoja. Zile kanzu hazijawahi kumvuta. Hakuna aliyempima. Baba alikaa nao wiki tatu tu, akimtazama akipita sebuleni.