Naomba ushauri: kutoka visima vya mvuke kwenda vya mafuta

Wasee habari zenu, niko hapa Nakuru, nimepiga kibarua miaka 3 kwa visima vya mvuke pale Menengai, kazi yangu ni kushusha vifaa vya kupima joto na presha kisima kikiwa hai, yaani kikiwa na presha, tunafunga lubriketa (bomba la chuma la kubeba kifaa bila presha kutoka nje) juu ya valvu kubwa, tunasawazisha presha polepole ndio tufungue, ukiharakisha waya wa kushushia vifaa unakatika na jamaa wa zamu anakuangalia vibaya. Sasa nataka kuhamia mafuta na gesi, wanataka cheti cha IWCF, kile cha kimataifa cha kudhibiti presha ya visima, kinaenda kwa levo, na cha levo 3 kinaisha baada ya miaka 2, na pesa ni ya mkopo wa sacco. Mwenye amefanya, nianze na levo 2 ama niruke? Na hii eksipiriensi ya mvuke huwa wanaihesabu kweli?