Nani aliwadanganya kwamba enduro ni kushuka tu? Nimechoka na washauri wa mavazi!

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina hasira na goti linauma.

Wikendi iliyopita nimekimbiza enduro yangu ya kwanza, yaani mbio za baiskeli za mlimani, steji tano (vipande vya njia vya kushuka vinavyopimwa muda). Nimeingia nimevaa kama askari wa kutuliza ghasia, nimetoka nimeshonwa nyuzi sita kwenye goti la kulia. Goti hilo lilikuwa na pedi. Nasema LILIKUWA, kwa sababu wakati naanguka pedi ilishateremka kwenye muundi, inalinda soksi.

Kabla hamjaanza kunicheka, sikilizeni ilivyokuwa. Miezi miwili nimeuliza watu nivae nini. Nimeuliza dukani, nimeuliza wazoefu, nimesoma mijadala ya humu mpaka macho yakavimba. Jibu likawa lile lile: "Vaa kinga nzito, mkuu, usicheze na mwili." Sawa, nimevaa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nitapandaje mlima na hayo madude.

Kwenye mbio za kushuka tupu unapandishwa na gari au kebo, unavaa juu, unateremka dakika chache, unavua, unakunywa maji. Enduro saa inahesabu steji za kushuka peke yake, ila kutoka steji moja kwenda nyingine unapanda mwenyewe kwa miguu yako, na una muda uliopangiwa wa kufika pale juu. Ukichelewa unapewa adhabu. Mimi nilikuwa juu ya baiskeli saa tano na nusu. Muda uliohesabiwa ni dakika 26. Yaani hizo saa tano zote ni kupanda, jasho, vumbi na kusubiri zamu. Sasa niambieni, nguo inachaguliwa kwa ajili ya dakika 26 au kwa ajili ya siku nzima? Na huu si mchezo wa jana, mfululizo wa dunia wa Enduro World Series ulianza 2013. Muda wote huo mnatushauri kama vile kuna kebo mlimani?

Nianze na helmeti. Muuzaji alinipa ya uso mzima, ile ya mbio za kushuka, zaidi ya kilo moja. Nilipouliza kama hakuna nyepesi akasema nyepesi ni za watoto. Uongo mtupu! Zipo za uso mzima zilizotengenezwa kwa enduro, gramu 700 na kidogo, zina matundu hata sehemu ya kidevu, na nyingine hiyo kinga ya kidevu inachomolewa wakati wa kupanda. Hilo nimelijua kwa jamaa niliyepanda naye steji ya pili. Yeye kachomoa kidevu, anapiga soga. Mimi napumulia ndani ya sufuria. Nikavua nikaining'iniza kwenye begi, msimamizi wa njia akanisimamisha: ukiwa juu ya baiskeli helmeti inakaa kichwani, hata unapopanda. Nikairudisha.

Halafu ile nembo ya ndani. Mimi niliona EN 1078 nikaridhika. Kumbe hicho ni kipimo cha helmeti za baiskeli za kawaida, na kidevu hakipimwi kabisa. Kipimo cha helmeti za kushuka ni ASTM F1952, huko wanaidondosha kwa nguvu zaidi na wanapima mpaka kidevu. Kwa hiyo nimebeba kilo nzima ya sufuria ambayo kwa kipimo kilichoandikwa ndani ni sawa na ya mtu anayekwenda sokoni. Yaani nimepigwa huku na huku.

Miwani mikubwa ya vumbi sina ugomvi nayo, ugomvi ni na aliyeniambia niivae muda wote. Ukipanda nayo inajaa ukungu. Nikaipangusa kwa ndani na glavu, nikaikwaruza, na ile dawa ya kuzuia ukungu ikaondoka nayo. Na kioo alichonipa ni cheusi, steji ya tatu nzima iko chini ya miti. Nilikuwa naendesha kwa kukumbuka.

Sasa pedi za magoti. Hapa ndipo damu inapochemka.

Miguu yangu ni njiti, nakubali, nimezaliwa hivyo. Muuzaji akanitazama kwa mbali akasema "wewe ni saizi L". Hakupima kitu! Saizi ya pedi haifuati urefu wa mtu. Inapimwa kwa mkanda wa fundi cherehani kuzunguka paja na kuzunguka mguu chini ya goti, unalinganisha na jedwali la mtengenezaji. Nimepima nyumbani juzi nikiwa na bandeji: paja langu ni la saizi S. S! Ameniruka saizi mbili. Dukani nilisimama wima zikakaa vizuri, na kusimama wima hakuna maana yoyote, unatakiwa ukunje goti na kulikunjua mara hamsini kama unakanyaga pedali uone zinakwenda wapi.

Na hizo pedi kwenye lebo ziko sawa kabisa, EN 1621-1, kiwango cha pili. Kipimo hiki kimetoka kwa waendesha pikipiki: wanaipiga pedi kwa nguvu ileile, wanapima kinachopenya upande wa pili, kiwango cha kwanza wastani usizidi kilonyutoni 35, cha pili usizidi 20. Kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa nimelindwa kuliko watu wengi pale mlimani. Steji ya nne, kona ya kushoto, mizizi imelowa, gurudumu la mbele likaondoka. Goti likatangulia juu ya jiwe. Nilivyokaa nikaangalia chini, pedi imejikunja juu ya kiatu kama soksi ya mtoto wa shule.

Bora pedi nyepesi ya kiwango cha kwanza inayokaa kwenye goti tangu asubuhi hadi jioni. Siongezi neno.

Bukta nayo. Nimeambiwa vaa ile ya ndani yenye pedi ya makalio, nikavaa. Hakuna aliyenambia kwamba ndani yake HUVAI CHUPI. Mnaona aibu gani? Mshono wa chupi ya pamba, jasho, saa tano za kukanyaga. Nilivyochubuka sielezi, humu kuna watu wa heshima. Na bukta ya nje ni fupi, nikikaa inapanda, kati yake na pedi kuna ngozi tupu upana wa kiganja. Miiba yote ya mlima ilipapata.

Fulana ya pamba lilikuwa kosa langu mwenyewe, simlaumu mtu. Ililowa jasho kwenye kupanda, kisha nikasimama juu kusubiri zamu dakika ishirini kwenye upepo, nikaingia steji vidole havisikii breki. Kijaketi chepesi cha upepo kinachokunjwa kikaingia kwenye kibegi cha kiunoni kingetosha.

Viatu: nilivaa raba za kukimbilia kwenye pedali bapa. Meno ya pedali yameniachia alama mbili kwenye muundi. Kiatu chake kinataka soli ya bapa, mpira laini unaong'ata. Basi.

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika hapo chini "pedi hazishuki ukivaa vizuri", asante kwa busara. Ila yule aliyeuliza kama nilipaka mafuta miguuni asubuhi ile... ndiyo, nilipaka. Nilipaka na nikasugua mpaka ikang'aa, kuna watu wa kupiga picha mwisho wa njia. Sikujua kwamba ule ukanda wa mpira ndani ya pedi ukipata mafuta hauna kazi tena, na kwamba unafaa kuoshwa kwa sabuni baada ya kila safari. Nimekubali hilo moja. Saizi mbili juu sijakubali.

NYONGEZA 2: Wanaouliza helmeti, haikugonga chini, naiuza. Ingegonga nisingeiuza, lile povu la ndani likishabonyea limeshamaliza kazi yake hata kama nje inang'aa. Nawaomba na nyie mnaouza za mtumba mseme ukweli kwenye hilo.

Pedi siziuzi, natoa bure. Saizi L, kiwango cha pili, moja ina damu kidogo sehemu ya chini. Mwenye mapaja aje inbox, lakini apime kwanza.